Nyumba Ilifungwa, Nadhiri Ikabaki

Ruiru, 11 Machi 2024

Kaka Léonce,

Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Nilikuja Kenya wiki tatu kufanya upya viza ya masomo, na sasa hii ni wiki ya tisa. Kila nikienda ofisini naambiwa "inashughulikiwa." Yule dada wa dirishani amenizoea mpaka ananiuliza mama anaendeleaje. Pasipoti wameishika wao, vitabu vyangu viko chumbani kwangu Morningside, huko Durban, na mimi niko hapa chumbani nilikolala nikiwa darasa la sita. Profesa wangu wa Durban ananiandikia kwa upole mwingi, na upole huo unanitia hofu.

Sasa nisikilize. Unakumbuka Ninahazwe alivyonisuka pale saluni kwa Diane, nikilia kwamba Kilatini kitaniua? Akasema, "Mchumba wangu anakijua, alisoma seminari." Nikadhani ni porojo za saluni. Kumbe! Zile kurasa mbili ulizonitafsiria Januari zimekaa sawa kuliko nilizowahi kupata kwa wenye digrii zao.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu inahusu nini, kwa hiyo nakwambia bila kuulizwa. Ni Watempla: watawa waliobeba upanga. Waliweka nadhiri za useja, ufukara na utii kama mabruda wengine wowote, kisha wakaenda kupigana Vita vya Msalaba. Mwaka 1139 Papa Inosenti wa Pili akawatoa kwa barua mikononi mwa maaskofu, wakawa chini yake mwenyewe. Watu wanasema hapo walipewa uhuru. Uhuru gani? Barua hiyohiyo inasema bruda akishaapa harudi tena duniani. Halafu mwaka 1312 Papa mwingine, Klementi wa Tano, akalifuta shirika lote kwa barua. Swali langu ni moja: wale waliobaki hai, shirika halipo, walikuwa nani? Watawa au watu wa kawaida?

Nakutumia barua ya Papa Yohana wa Ishirini na Mbili, ya mwaka 1318. Nahisi jibu limo humo. Nisaidie, Padri wangu wa Jacobs.

Msalimie Ninahazwe. Mwambie huku wananisuka kama wananiadhibu.

Fiona


Jacobs, Durban, 24 Machi 2024

Dada Fiona,

Barua yako nimeipata kwa Alain, yule wa duka la simu hapa Jacobs, jirani na kiwanda, ndiko ninakoandikia. Zako ananichapishia, zangu naandika kwa mkono, yeye anapiga picha na kutuma. Usicheke. Kwenye simu naandika kama mtu anayekimbizwa.

Pole kwa viza. Karatasi yangu ya ukimbizi inafanywa upya mwaka wa saba huu, basi nikikwambia subira, ujue ninaijua. Mwili uko salama, kazi iko. Kiwandani niko kwenye mashine ya kushona kingo za magodoro. Steve, msimamizi wetu, aliniona na kurasa zako saa ya chakula, tangu hapo ananiita Profesa. "Sharp, Profesa, lakini magodoro hayajishoni."

Habari njema: tunafunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Septemba. Na Ninahazwe ana mimba, mtoto ni wa Novemba. Abbé, padri wa parokia yetu, alikunja uso kidogo kwa mpangilio huo, kisha akacheka, akasema basi tusichelewe.

Sehemu ya kwanza ya barua ya Papa nimeitafsiri, utaiona nyuma ya hii. Analalamika kwamba mabruda wa Hekalu, yaani hao Watempla wako, tangu shirika lao lifutwe, wamevua mavazi ya utawa wakajichanganya na watu, na wengine wameoa. Hapo nikafunga karatasi kwa sababu kengele ya kazi ililia.

Sehemu ya pili mwandiko wake unanisumbua. Nipe muda.

Swali moja, kama ruhusa iko: nani alikutuma kwa watu hawa? Wafalme wa kuandikia ni wengi.

Wako,
Léonce


Ruiru, 2 Aprili 2024

Padri,

Mwandiko gani tena? Nimekutumia kitabu cha chapa, herufi kubwa kama za katekisimu ya watoto! Sema umechoka, nitakuelewa. Usinisingizie mwandiko.

Hongera kwa Septemba na kwa Novemba! Nimepiga vigelegele mpaka mama akaja kuchungulia. Viza ikitoka nitakuwepo, na nitalia kwa sauti.

Umeuliza nani alinituma. Shangazi yangu alikuwa sista miaka ishirini na mbili, akatoka kwa ruhusa, na karatasi zake zote anazo. Mpaka leo kijijini wanamwita Sista. Akienda harusini watu wanachungulia glasi yake ina nini. Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, sasa wewe ni nani?" Akanijibu, "Kamuulize Papa." Ndiyo namuuliza.

Kwa hiyo harakisha, tafadhali. Kuna kongamano la Juni, nitasoma kwa video, na sura yangu ya nne inangoja ukurasa wako.

Fiona


Jacobs, 21 Aprili 2024

Dada Fiona,

Samahani kwa kuchelewa. Nimeimaliza. Sehemu yenyewe ni hii, nimeisoma mara nyingi kabla ya kuiandika:

"Na kwa kuwa shirika lao limezikwa kwa amri ya kiti hiki, hatutaki mzigo uliozikwa uendelee kuwalemea walio hai. Waliooa wakae na wake zao kwa amani, na wasisumbuliwe na mtu yeyote, awe askofu au mfalme."

Basi, ndivyo alivyosema. Nyumba ikifungwa, mtu ana haki ya kutoka. Nakuomba uliandike vizuri, dada yangu. Watu wale walikuwa wamengoja miaka sita. Walikuwa wanakula, wanalala, wanafanya kazi, na kila wakisikia hodi mlangoni moyo unaruka.

Ninahazwe anakusalimia. Ameanza kutapika asubuhi na kunilaumu mimi kwa harufu ya gundi ya kiwandani. Tumbo bado halionekani lakini yeye anatembea kama linaonekana.

Léonce


Ruiru, 29 Aprili 2024

Léonce! Léonce! Léonce!

Unajua umefanya nini? Nimemtumia profesa. Akanijibu kwamba vitabu vyote alivyosoma vinasema kinyume: kwamba Papa aliwaamuru warudi utawani. "Una hakika na mtafsiri wako?" Nikamjibu kwamba mtafsiri wangu namwamini kuliko kamusi.

Nimeivunja sura ya nne, naijenga upya. Miaka yote nimekuwa nikiandika kuhusu mlango uliofungwa, kumbe kulikuwa na mtu aliyeufungua! Nilimsomea shangazi kwa simu. Akasema, "Basi huyo Papa alikuwa na mama." Nikacheka, lakini nilimsikia akipenga kamasi.

Jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza wa shukrani, tena mbele ya profesa, na akasirike.

Fiona


Jacobs, 19 Mei 2024

Dada Fiona,

Si ungengoja kidogo kabla ya kongamano? Kilatini changu ni cha seminari, si cha chuo kikuu. Weka neno "labda." Au jina langu liondoe. Sipendi kuwa mbele ya profesa wala nyuma yake.

Nakwambia ukweli, kichwa hakijatulia. Abbé anataka karatasi: cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia ya nyumbani, na barua ya kuthibitisha kwamba niko huru kuoa. Bila hizo hawezi kutangaza ndoa zile Jumapili tatu. Nimemweleza kwamba kwetu kando ya ziwa vita vilipita, kanisa lilichomwa, vitabu viliungua vyote. Ninahazwe anasema, "Mbona wengine wanapata?" Namwambia wengine ni wengine. Jana alikaa kitandani akinitazama navua viatu, akauliza kama nina mke Kongo. Niliapa kwamba sina, na sina. Akasema, "Basi kwa nini unakuwa kama mtu mwenye mke?"

Nisamehe kwa kukuletea mambo ya nyumbani.

Léonce


Ruiru, 12 Juni 2024

Léonce,

Sikuiti Padri wala kaka mpaka nimalize.

Juzi, siku mbili kabla ya kongamano, nilikwenda Nairobi kwa padri mmoja mzee, Mjesuiti, aliyefundisha Kilatini maisha yake yote. Nilitaka tu anipongeze, nakiri. Nikampa ukurasa wa Papa, nikampa na tafsiri yako. Alisoma dakika mbili, akavua miwani. "Binti, nani amekuandikia hii?"

Papa yule alisema hivi: nadhiri zao zinabaki. Shirika limefutwa, nadhiri hazikufutwa. Ndoa zao si ndoa. Watengwe na wanawake hao, wapelekwe katika nyumba za watawa, na asiyetii atanyimwa riziki yake. Umesikia? Watengwe! Na wewe umeniandikia "wakae kwa amani"!

Usiniambie ulikosea. Mtu akikosea huruka neno, au hulichukua vibaya. Wewe umetunga sentensi nzima, ukaipamba, ukamvisha nayo Papa. Nimejiondoa kwenye kongamano. Nimemwandikia profesa kwamba mtafsiri wangu, niliyemwamini kuliko kamusi, amenidanganya, na kila neno la barua ile lilinichoma. Shangazi bado sijamwambia. Wewe niambie nimwambieje.

Kisa nini, Léonce? Nilikukosea nini? Nataka jibu. Ukishindwa kunijibu, usiniandikie tena.

Fiona


Jacobs, 23 Juni 2024

Dada Fiona,

Hukunikosea kitu. Haya ni yangu.

Seminari ndogo nilisoma kweli, Kilatini kimetoka huko, lakini sikuishia hapo kama Ninahazwe anavyojua. Mimi ni bruda. Niliingia shirika dogo la kwetu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa kumi na wanne. Tulifundisha vijana useremala, tulioka mikate ya mji mzima. Mwaka 2010, tarehe 15 Agosti, niliweka nadhiri za daima, nikalala kifudifudi sakafuni wakati wanaimba litania, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka siku Ninahazwe aliponiambia ana mimba.

Kisha mkubwa wetu akagombana na jimbo kwa ajili ya shamba. Maneno yakaenda juu mpaka Roma. Mwaka 2016 alikuja padri mmoja na barua, tukaitwa chumba cha kulia baada ya chakula, sahani bado ziko mezani. Ilikuwa ya Kilatini. Wazee hawakuelewa, basi mimi ndiye niliyeambiwa niwatafsirie. Nikatafsiri neno kwa neno: shirika limefutwa. Nyumba inapewa shirika jingine. Kila bruda anabaki na nadhiri zake mpaka aombe kwa askofu na kujibiwa.

Frère Josias, bruda mzee kuliko wote, alikuwa na miaka sabini na minne. Alinishika mkono, akauliza, "Hapo chini hakuna neno lingine?" Nikamwambia hapana, frère, hakuna. "Soma vizuri, mwanangu." Nikasoma tena. Hakuna. Walimpeleka kwa mpwa wake, mtu ambaye hawakujuana, akafa mwezi wa pili baada ya hapo.

Sasa wewe unaniletea barua nyingine, ya watu wengine, Papa mwingine, na ninaona yaleyale. Nikafika kwenye lile neno, nikamwona Josias anachungulia begani kwangu. Safari hii nilitaka liwepo neno lingine. Mara ya kwanza nilikuwa mwaminifu na ilimuua mzee. Si udhuru, najua. Nilikuharibia kazi yako. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi, una haki.

Utauliza kwa nini sikumwandikia askofu. Vita vilianza, nikakimbia. Lakini miaka saba hapa Durban vita gani? Ukweli ni huu: nikiuliza nikaambiwa hapana, nitakuwa nimeambiwa. Sasa hivi sijaambiwa. Nimeishi katika nafasi hiyo ndogo, na nimemwingiza Ninahazwe humo bila yeye kujua kwamba chumba hakina mlango.

Kanisa la kwetu halikuchomwa. Vitabu viko.

Usimwambie. Nakupigia magoti. Nitamwambia mwenyewe.

Bruda Léonce


Ruiru, 30 Juni 2024

Kaka Léonce,

Nimekuita kaka, umeona. Lakini hasira iko palepale, usijidanganye.

Nimelia kwa ajili ya Josias, kisha nikakasirika upya, maana umenifanya nimlilie mtu kwa barua ileile unayoniombea msamaha. Wewe ni mtu mgumu kuchukia, na hilo nalo linaniudhi.

Sitamwambia Ninahazwe. Si kazi yangu. Lakini nakupa mpaka mwisho wa Julai umwambie wewe, kwa mdomo wako, mkiwa mmekaa. Yule mwanamke anasimama kutwa nzima kwa Diane na mimba, anasuka vichwa vya watu, jioni anakuja kukuuliza kama una mke. Umemwacha apigane na kivuli!

Na jambo lingine. Nilimuuliza yule Mjesuiti, bila kutaja jina: bruda wa shirika la jimbo, lililofutwa, anafanyaje? Akashangaa. "Si aombe tu? Askofu wake anaweza kumfungua. Huombwa, na mara nyingi hukubaliwa." Umesikia, Léonce? Mara nyingi! Wale Watempla Papa aliwafungia na hawakuwa na pa kwenda. Wewe umekaa miaka minane nje ya mlango ambao hujagonga hata mara moja.

Uliza! Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia, na wewe unajua Kilatini lakini hili limekushinda.

Viza bado. Yule dada wa dirishani amekwenda likizo.

Fiona


Pinetown, 4 Agosti 2024

Dada Fiona,

Ni mimi Ninahazwe. Alain amenionyesha namna unavyotumiwa barua. Sijakuandikia kwa ugomvi, ila nina swali, na nataka unijibu kama mwanamke kwa mwanamke.

Léonce alisema kanisa lao liliungua. Nikamwonea huruma. Nina binti wa mama mdogo, Estella, anafanya biashara ya vitenge kule upande wa ziwa. Nikamwambia aende tu aone, labda kuna daftari moja limebaki, nimfanyie mchumba wangu zawadi. Estella akaenda. Akakuta kanisa limesimama, lina hata rangi mpya. Karani akampa cheti siku ileile.

Dada, cheti cha ubatizo kina pembeni. Mimi sikujua. Nilijua kinaandika jina na baba na mama. Kumbe pembeni wanaandika kila kitu kinachompata mtu kanisani mpaka afe. Cha Léonce pembeni kimeandikwa kwa kalamu: nadhiri za daima, tarehe 15 Agosti 2010. Nilifikiri ni ugonjwa. Nikampelekea Abbé mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa nimefurahi. Ndiye aliyenieleza maana yake, ofisini kwake, huku akinisogezea maji ya kunywa.

Nilirudi, Léonce akaniona usoni tu akajua. Aliniambia yote: shirika, barua ya Roma, yule mzee, na wewe na tafsiri ya uongo. Kwa hiyo najua kwamba ulijua tangu Juni. Nilikasirika nawe siku mbili, kisha nikaona, ungefanyaje.

Unajua alichofanya? Sikumfukuza! Nilisema, kaa chini tufikiri. Yeye akafunga nguo zake kwenye begi, akaenda Jacobs kulala na wenzake wa kiwandani. Anasema hawezi kulala kwangu sasa kwa kuwa nimejua. Anasema ndivyo ilivyoandikwa, watengwe. Miaka mia saba, dada! Papa amekufa, askari wake wamekufa, hata farasi wao wamekufa, na bado anamtoa mtu Pinetown kitandani kwangu! Nilimwita mjinga mbele ya majirani. Akasema ndiyo. Mtu akikubali kwamba ni mjinga unamfanya nini?

Swali langu ni hili. Wale askari waliokuwa wameoa, Papa akaamuru watengwe. Sawa. Wale wanawake, Papa aliwaandikia nini? Maana mtu huwezi kuchukua mume wa mtu bila kumwambia neno. Wewe umesoma barua zote. Nitafutie.

Ninahazwe


Ruiru, 9 Agosti 2024

Mpenzi Ninahazwe,

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilidhani namheshimu Léonce, na sikufikiri wewe utalipa.

Swali lako limenikalisha siku tatu. Nimesoma miaka mitano juu ya Mapapa na wale askari wao, nimehesabu barua, nimezipanga kwa tarehe, nimetetea na kushambulia. Kuuliza ulichouliza wewe sikuwahi, na profesa wangu hakuwahi, na katika vitabu nilivyo navyo sijaona aliyewahi. Nimerudi nikapekua zote nilizonazo.

Hakuna. Sikupata hata moja iliyoandikwa kwao. Kuna barua kwa maaskofu, kwa wafalme, kwa wakuu wa mashirika yaliyopewa nyumba, na kwa mabruda wenyewe. Wanawake wametajwa mara moja, kama mahali ambapo mwanaume anatakiwa aondolewe. Majina hayapo. Sijui walikuwa na watoto au hawakuwa nao. Sitakufariji kwa kukutungia kitu. Hilo tumeshaona linaleta nini.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Ombi la kufunguliwa nadhiri lazima liandikwe na Léonce mwenyewe, kwa mkono wake, na sahihi yake. Huwezi kumwombea. Lakini nimemuuliza yule padri mzee kama kuna sheria inayomkataza mwanamke kuweka barua yake katika bahasha hiyohiyo. Alifikiri, akasema haijui.

Dada yako,
Fiona


Pinetown, 18 Agosti 2024

Kwa Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hunijui. Naitwa Ninahazwe, mzaliwa wa Burundi, ninasuka nywele Durban, Afrika Kusini. Sina karatasi yoyote inayonihusisha na wewe, kwa hiyo nakuandikia bila mpangilio, unisamehe.

Katika bahasha hii kuna ombi la Bruda Léonce, wa shirika lile lililofungwa mwaka 2016. Mwandiko ni wake. Jumatano nilimfuata Jacobs, kwenye geti la kiwanda, saa ya chakula, nikiwa na kalamu na karatasi. Wenzake wote walikuwa wanatazama na wengine walicheka. Nilimwambia siondoki. Aliandika akiwa ameegemeza karatasi ukutani, ndiyo maana mistari imepinda. Usidhani alikuwa amelewa.

Yeye atakuambia kwamba amekosa, na anaomba kwa unyenyekevu. Ni mtu mpole, ameshindwa kuuliza miaka minane kwa kuogopa jibu. Mimi naogopa pia. Ila nina mimba ya miezi sita, na mtoto hangoji mtu amalize kuogopa.

Sikuja kukufundisha kazi yako. Kama alimwahidi Mungu, basi alimwahidi, na mimi sikuwepo. Lakini mimi hakuniambia kitu, na nyinyi hamkuniambia kitu, na nilichojua nimekisoma pembeni mwa cheti. Abbé wa hapa ameondoa majina yetu kwenye matangazo ya ndoa. Jumapili walisoma majina ya wengine, nikakaa nikasikiliza mpaka mwisho. Watu waligeuka kunitazama, nami niliwatazama.

Naomba utujibu. Ukisema ndiyo, mwandikie Léonce, ni yeye aliyeomba, na atapiga magoti popote barua itakapomkuta.

Ukisema hapana, Baba, usimwandikie yeye. Ataikunja, ataiweka mfukoni, atarudi kwenye magodoro yake, na mimi nitaendelea kungoja kitu ambacho kimeshaamuliwa. Ile hapana niandikie mimi. Anwani iko nyuma ya bahasha. Andika jina langu juu, lote, Ninahazwe Espérance, ili karani asije akaiweka kwenye faili la mtu mwingine.

Ni mimi,
Ninahazwe Espérance